Jinsi ya kuweka beselaini ya ratiba kwenye Microsoft Project na kuifuatilia hadi mradi uishe

Maswali ni yale yale kila mradi mpya unapoanza. "Nimeshaweka beselaini, mbona sioni tofauti yoyote?" "Mkandarasi kachelewa wiki mbili lakini ratiba inasema tuko sawa, kulikoni?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: "Nikibonyeza Set Baseline mara ya pili, ile ya kwanza inakwenda wapi?" Mwongozo huu unayajibu yote matatu, ila ufuate hatua kwa mpangilio, maana matatizo mengi ya hatua ya saba chanzo chake ni hatua ya pili iliyorukwa.

Nadharia ni fupi. Beselaini ni nakala ya ratiba kama ilivyokuwa siku ilipokubaliwa. Kwa kila shughuli programu inatunza tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, muda, saa za kazi na gharama. Ratiba yenyewe itaendelea kusogea kadiri mambo yanavyobadilika saiti, lakini nakala inabaki pale pale. Kufuatilia ni kulinganisha hizo mbili.

Mfano nitakaoutumia ni ujenzi wa jengo la madarasa mawili, mwaka 2026, saiti ikifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Microsoft Project ya kwenye kompyuta, toleo la 2010 au jipya zaidi. Standard inatosha, si lazima Professional. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili uyapate upesi.
- Ratiba iliyokamilika: shughuli zote zimo, kila moja ina muda, na zimeunganishwa kwenye safu ya Predecessors, yaani shughuli zinazotangulia.
- Orodha ya sikukuu za nchi unayofanyia kazi.
- Daftari la saiti, au mtu wa saiti anayeandika kila siku nini kimeanza na nini kimeisha. Bila hili, ishia hapa kwanza ukalitafute. Hakuna programu itakayokwambia zege lilimwagwa lini.
- Kibali cha mwenye mamlaka ya kukubali ratiba: mteja, mhandisi mshauri, au bosi wako. Ratiba ambayo hakuna aliyeikubali ni makadirio yako tu, na huwezi kumdai mtu kwa makadirio.

Kwa walio kwenye mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), Kitabu Chekundu cha 1999, kifungu cha 8.3 kinamtaka mkandarasi awasilishe ratiba ya kina ndani ya siku 28 tangu apokee taarifa ya kuanza kazi. Beselaini yako itoke kwenye ratiba hiyo hiyo iliyowasilishwa. Mkandarasi anayetembea na ratiba mbili, moja ya ofisini na moja ya mhandisi, siku ya madai atajikuta hana hata moja.

Hatua ya 1: Safisha kalenda

Nenda Project, kisha Change Working Time. Kalenda ya kawaida ya programu ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa sita, halafu saa saba hadi saa kumi na moja jioni. Kama saiti inafanya kazi Jumamosi, iongeze kwenye kichupo cha Work Weeks. Sikukuu ziingize kwenye Exceptions: kwa Tanzania kuna 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba na nyinginezo, kwa Kenya usisahau 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba. Idd weka kwa makadirio, mwezi ukiandama utarekebisha.

Watu wengi huruka hatua hii, na gharama yake ni hii. Kwenye mfano wetu, kupandisha tofali kunaanza Alhamisi 2 Julai na kunachukua siku 10 za kazi. Ukiwa umeingiza Saba Saba, kazi inaisha Jumanne 14 Julai. Ukiwa umeisahau, programu inasema Jumatatu 13 Julai, na hiyo ndiyo tarehe inayogandishwa kwenye beselaini. Wiki tatu baadaye unakumbuka, unaingiza sikukuu, na ghafla shughuli inaonekana imechelewa siku moja. Mafundi hawajachelewa. Kalenda ndiyo iliyochelewa.

Ukiwa hapo hapo, fungua File, Options, Schedule, uangalie Hours per day. Namba hiyo ifanane na saa ambazo saiti inafanya kazi kweli kwa siku. Sababu utaiona kwenye matatizo mwishoni.

Hatua ya 2: Kagua viungo na namna shughuli zinavyopangwa

Tazama chini kushoto mwa dirisha. Kama pameandikwa New Tasks: Manually Scheduled, huenda shughuli zako zote zimewekwa kwa mkono. Shughuli ya aina hiyo haisogei yenyewe pale iliyotangulia inapochelewa, kwa hiyo ufuatiliaji wako utakuwa wa kubahatisha. Chagua shughuli zote, nenda Task, bonyeza Auto Schedule.

Kisha pitia safu ya Predecessors mstari kwa mstari. Shughuli isiyotegemea nyingine yoyote, ukiacha ile ya kwanza kabisa, ina walakini. Pitia pia alama za kalenda ndogo kwenye safu ya kushoto: zinaonyesha kuwa kuna mtu aliandika tarehe kwa mkono badala ya kuunganisha, na programu ikaigeuza kuwa sharti. Ondoa masharti yasiyo na sababu.

Jambo moja la wajenzi. Zege linakomaa hata Jumapili. Kama baada ya kumwaga jamvi (zege la sakafu) unaacha siku saba za kumwagilia kabla ya kupandisha tofali, usiandike siku saba za kazi. Ikiwa jamvi ni mstari wa 12, kwenye Predecessors ya tofali andika 12FS+7ed. FS maana yake tofali zinaanza baada ya jamvi kuisha. Ile herufi "e" inaiambia programu ihesabu siku zote za kalenda, sikukuu na Jumapili zikiwemo.

Hatua ya 3: Pata kibali, kisha hifadhi nakala ya faili

Chapisha ratiba, ijadiliwe, isainiwe au ikubaliwe kwa barua pepe. Hifadhi faili kwa jina lenye tarehe, uiweke mahali ambapo haitaguswa. Faili unayofanyia kazi iwe nyingine.

Hatua ya 4: Weka beselaini, mara mbili

1. Nenda Project, bonyeza Set Baseline, kisha Set Baseline tena kwenye orodha inayoshuka.
2. Kwenye dirisha lililofunguka, hakikisha kitone kiko kwenye Set baseline na si Set interim plan. Interim plan inatunza tarehe za kuanza na kumaliza peke yake, na safu za tofauti hazisomi humo.
3. Kwenye orodha chagua Baseline, ile isiyo na namba. Chini yake chagua Entire project. Bonyeza OK.
4. Rudia hatua zile zile, safari hii ukichagua Baseline 1.

Kwa nini mara mbili? Programu inakupa nafasi 11: Baseline, halafu Baseline 1 hadi Baseline 10. Lakini safu za tofauti zinalinganisha ratiba na Baseline isiyo na namba peke yake. Hiyo ndiyo ya kufanyia kazi, na huenda siku moja ikabadilishwa kihalali. Baseline 1 ni kumbukumbu ya makubaliano ya kwanza na haitaguswa hadi mradi ufungwe. Ukizoea utaratibu huu, lile swali la "ya zamani inakwenda wapi" linakosa maana, kwa sababu ya zamani unayo.

Ukitaka uhakika kuwa imeingia, fungua tena dirisha la Set Baseline: pembeni ya jina utaona tarehe ilipohifadhiwa mara ya mwisho.

Hatua ya 5: Fungua mahali pa kuiona

Kuweka beselaini hakubadilishi chochote kwenye skrini, na hapo ndipo wengi hudhani haikukubali. Nenda View, bonyeza mshale chini ya Gantt Chart, chagua Tracking Gantt. Kila shughuli sasa ina mistari miwili: wa kijivu ni beselaini, wa juu yake ni ratiba ya sasa. Ulio mwekundu ni wa shughuli ambayo ikichelewa, mradi mzima unachelewa nayo.

Kwa namba, nenda View, Tables, Variance. Utapata tarehe za sasa, tarehe za beselaini, kisha Start Variance na Finish Variance. Hesabu yake ni tarehe ya sasa kutoa ya beselaini. Namba chanya maana yake umechelewa, hasi umetangulia. Leo, kabla hujagusa kitu, zote ziwe sifuri. Kama kuna isiyo sifuri, kitu kimesogea tangu uhifadhi. Tafuta ni nini sasa hivi.

Hatua ya 6: Ingiza kilichotokea kweli, kila wiki

Chagua siku moja ya wiki na usiibadilishe. Mimi napendelea Jumamosi jioni, saiti inapofunga.

1. Nenda Project, bonyeza tarehe iliyo kwenye Status Date, weka siku hiyo ya taarifa. Usipoiweka, programu inatumia tarehe ya leo, na ripoti iliyochelewa kuandaliwa inatoa majibu ya siku isiyo yake.
2. Chagua shughuli iliyoguswa wiki hii. Nenda Task, bonyeza mshale wa Mark on Track, kisha Update Tasks.
3. Andika Actual Start kutoka kwenye daftari la saiti. Kama imeisha, andika Actual Finish. Kama inaendelea, andika Actual Duration, yaani siku zilizokwisha kutumika, na Remaining Duration, siku ambazo msimamizi anaona zimebaki.
4. Ukimaliza zote, nenda Project, Update Project, chagua Reschedule uncompleted work to start after, weka tarehe ya taarifa, OK. Kazi ambayo haikufanyika inasogezwa mbele. Bila hivyo utabaki na shughuli zinazosubiri kufanyika wiki iliyopita, jambo ambalo haliwezekani.

Soma hapa mara mbili: usiandike asilimia 100 na kuondoka. Ukiandika asilimia peke yake, programu inachukulia kuwa shughuli ilianza na kuisha tarehe zile zile zilizopangwa. Kazi iliyochelewa wiki nzima inaonekana ilikwenda kama saa. Ripoti inatoka safi, mteja anafurahi, na miezi miwili baadaye hakuna anayejua muda ulipotelea wapi. Kati ya makosa yote ya ufuatiliaji, hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linamdanganya hata aliyelifanya. Tarehe halisi kwanza, asilimia itajihesabu.

Hatua ya 7: Soma tofauti na uulize sababu

Turudi kwenye madarasa yetu. Jamvi lilipangwa Jumatatu 22 hadi Jumatano 24 Juni. Kokoto zilichelewa kufika, kazi ikaanza Alhamisi 25 na kuisha Jumamosi 27. Kwenye jedwali la Variance utaona siku 3 kwenye kuanza na siku 3 kwenye kumaliza. Muda wenyewe haukubadilika: mafundi walitumia siku tatu zile zile walizoahidi. Kwa hiyo foremani hana kosa; maswali yaende kwa mtu wa manunuzi.

Sasa shuka mstari mmoja. Siku saba za kumwagilia zinaanzia jioni ya tarehe 27, tofali zinaanza Jumatatu 6 Julai badala ya Alhamisi 2, na zinaisha Ijumaa 17 badala ya Jumanne 14. Siku tatu zimehama nzima nzima hadi kwenye tofali, na kama hakuna anayezikomboa, zitafika mpaka kwenye kupaua.

Si kila tofauti inastahili kikao. Ongeza safu ya Total Slack: inaonyesha shughuli inaweza kuchelewa siku ngapi bila kugusa tarehe ya mwisho ya mradi. Kuchonga madawati kukichelewa siku 4 huku kuna nafasi ya siku 20, andika na uendelee. Jamvi halina nafasi hata siku moja, hilo liitie watu siku hiyo hiyo.

Pembeni ya kila tofauti kubwa andika sababu kwenye Notes ya shughuli: nini kilitokea, tarehe gani, nani aliarifiwa. Kwa wenye mikataba ya FIDIC ya 1999, kumbuka kifungu cha 20.1: taarifa ya madai itolewe ndani ya siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, tukio husika. Anayesubiri mwisho wa mradi ndipo akusanye sababu atakuta muda umeshampita kitambo, hata kama haki ilikuwa yake.

Hatua ya 8: Mabadiliko yakija

*Shughuli mpya imeongezwa.* Tuseme mteja ameagiza tangi la maji ya mvua. Shughuli mpya haina beselaini. Kwenye Baseline Start inaonyesha NA. Hatari ni kwamba tofauti yake inasomeka sifuri, kana kwamba iko kwenye muda. Baada ya agizo kuidhinishwa kwa maandishi, chagua mistari mipya tu, fungua Set Baseline, chagua Baseline, kisha Selected tasks. Weka alama kwenye To all summary tasks ili shughuli mama, zile zenye nyingine chini yake, zihesabu kazi hiyo mpya. Programu itauliza kama una hakika unataka kuandika juu ya beselaini iliyopo. Kubali, ila kwanza hakikisha kweli umechagua Selected tasks.

*Muda wa mradi umeongezwa rasmi.* Hapa, na hapa tu, unaweza kuweka beselaini upya. Chuja kwa Incomplete Tasks, chagua zilizobaki, zihifadhi kwenye Baseline kwa njia hiyo hiyo ya Selected tasks. Ukichagua mradi mzima, shughuli zilizokwisha zitachukua tarehe halisi kuwa ndizo tarehe za mpango, na historia ya ucheleweshaji itafutika. Kisha ondoa mchujo, uhifadhi mradi mzima kwenye Baseline 2 kama kumbukumbu ya ratiba mpya iliyoidhinishwa.

*Ratiba imekuwa nyekundu na kikao ni kesho.* Hiyo si sababu. Kuna watu huweka beselaini upya kila wiki ili ripoti ipendeze. Wanachofuta ni ushahidi wao wenyewe: siku wanayohitaji kuonyesha kuwa malipo ya mteja yalichelewa na kazi ikasimama, faili lao litasema kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa.

Mambo yakigoma

*Tofauti zote ni sifuri ingawa saiti imechelewa.* Kuna mambo matatu ya kuangalia, kwa mpangilio huu: tarehe halisi hazijaingizwa, ziliingizwa asilimia peke yake; mtu ameweka beselaini upya (angalia tarehe kwenye dirisha la Set Baseline); au ulihifadhi kwenye Baseline 1 pekee na Baseline yenyewe iko tupu.

*Tofauti inasoma siku 3.75 wakati kuchelewa ni siku 3.* Saiti inafanya kazi saa 10 kwa siku, lakini Hours per day imebaki 8. Programu inachukua saa 30 na kugawa kwa 8. Rekebisha kwenye File, Options, Schedule.

*Mistari ya kijivu haionekani.* Uko kwenye Gantt Chart ya kawaida. Hamia Tracking Gantt, au nenda Format, bonyeza Baseline, uchague beselaini unayotaka ionekane.

*Nimechelewesha shughuli moja lakini zinazofuata hazijasogea.* Hazijaunganishwa, au ni Manually Scheduled, au zina sharti la tarehe. Rudi hatua ya 2.

*Nimeandika juu ya beselaini kwa bahati mbaya.* Bonyeza Undo hapo hapo, kabla hujahifadhi wala kufunga faili. Kama umeshafunga, Baseline 1 inayo ya kwanza, na faili ya hatua ya 3 ipo.

*Nataka kulinganisha ratiba ya kwanza na iliyoongezewa muda.* Nenda View, More Views, chagua Multiple Baselines Gantt. Inaonyesha Baseline, Baseline 1 na Baseline 2 kwa pamoja.

Kama hutumii Microsoft Project

ProjectLibre ni ya bure, inafungua faili za mpp (zile za Microsoft Project), na ina kitufe cha Save Baseline kinachofanya kazi kwa mtindo unaokaribiana na huu. Primavera P6 ni tofauti: humo beselaini ni nakala kamili ya mradi. Unaitengeneza kwa Project, Maintain Baselines, Add, kisha ni lazima uende Project, Assign Baselines, uichague. Wanaoanza P6 huishia kwenye Maintain Baselines na kusahau Assign. Usipoichagua, P6 inaulinganisha mradi na wenyewe, na kila tofauti itatoka sifuri hata kama saiti imesimama mwezi mzima.